Kazi Ipate Mwenyewe

Katika shule nyingi za nchi yetu, tangu enzi nilizosoma mimi hata hizi za wajukuu wangu, mwanafunzi aliyechelewa kengele ya asubuhi, au aliyekutwa akizungumza mstarini, hukabidhiwa fyekeo akapimiwa kipande cha majani, na yule aliyekosa zaidi hupewa ndoo na ufagio akaoshe vyoo. Na wenzake wasio na hatia hupita kando wakimtazama, wengine kwa huruma na wengine kwa kicheko, wakijifunza, pasipo mwalimu yeyote kukusudia kuwafunza, ya kwamba kusafisha mahali ni malipo ya kosa. Nimekaa na jambo hili moyoni muda wote wa utumishi wangu wa ualimu katika mji wa Sumbawanga, maana ndilo lililonizuilia njia kila nilipotaka kuwatoa vijana nje ya uzio wa shule wakaufae mji uliowapokea. Naliandika leo kwa kuwa naona vikundi vya wanafunzi wa kujitolea vinaongezeka, wakizibua mitaro, wakipanda miti, wakipaka chokaa kuta za zahanati. Furaha yangu kwa hilo ni kubwa, wala sitaki jitihada yao ipotee bure.

Mimi ni mtu wa pwani, mzaliwa wa Pangani. Nilipelekwa kufundisha Sumbawanga mwaka 1974, mwaka ule ule ambao Mkoa wa Rukwa ulizaliwa kwa kumegwa kutoka mikoa ya Tabora na Mbeya, nikafika kwa njia ya Tunduma wakati barabara ile ilikuwa ya udongo na safari yake ilitegemea rehema ya mvua. Uwanda wa Ufipa umeinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, umelala baina ya Ziwa Tanganyika upande wa machweo na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mawio. Ni nchi ya nyasi kuliko miti, iliyo wazi mpaka macho yachoke, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu aliyelelewa katika joto la bahari avae koti juu ya sweta na bado atetemeke. Minazi hakuna, na kwa hiyo ufagio wa chelewa, ambao kwetu hata mtoto aliyeanza kutembea anaujua, haukuwapo; watu walifagia nyua zao kwa mafungu ya nyasi ngumu yaliyofungwa kwa kamba za magome, na nyua hizo zilikuwa safi mno, zimefagiwa alfajiri kabla jua halijachomoza, hata nikaona haya kwa niliyokuwa nimeyadhania juu ya bara nilipokuwa bado pwani.

Nasema nyua, kwa sababu uchafu wa mji haukuwa nyuani. Ulikuwa pale ambapo ua wa mmoja ulikwisha na wa mwingine haujaanza: mtaroni, sokoni, kando ya kijito, nyuma ya kituo cha mabasi. Upepo wa kiangazi uliokota kila kilichotupwa ukakikusanya mabondeni, na mvua za Novemba zilipofika zikakisukuma majini. Nani mwenyewe wa mtaro? Nilipouliza hivyo mara ya kwanza, kila mtu alinijibu kwa adabu kuwa ni serikali, na serikali ya mji kwa wakati ule ilikuwa na wafagizi wachache waliolemewa.

Zilikuwa siku za wito mwingi. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na kila shule ilikuwa na shamba lake. Na mwaka 1973, kabla sijaondoka kwetu, nilikuwa nimeshiriki katika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio, kwa vijitabu na kwa vikundi vya kusoma muda wa majuma 12, ikawakusanya watu wapatao milioni 2 katika nchi nzima. Kumbukumbu niliyo nayo juu ya kampeni ile ni jinsi tulivyokaa chini ya mwembe tukisikiliza redio, mmoja wetu akasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha tukajadiliana mpaka kikundi chenyewe kikaamua kitafanya nini: huku choo cha shimo, huku kufukia dimbwi la mbu, kule kufyeka kuzunguka kisima. Hakuja mtu kutoka makao makuu kutuambia tuanze na kipi. Wazee wa kikundi chetu, ambao baadhi yao hawakuwahi kushika kalamu, walichimba vyoo kwa uamuzi wao wenyewe, na vyoo vile viliendelea kutunzwa baada ya redio kunyamaza. Niliyaona haya nikiwa kijana, nikayabeba hata Ufipa.

Mara ya kwanza nilipowaona wanafunzi wakitolewa kwenda kuusafisha mji, ilikuwa kwa sababu ya ugeni wa kiongozi. Madarasa yalifungwa mchana, vijana wakapangwa safu kwa safu, wakafagia soko zima kwa muda wa saa chache, na kwa hakika soko liling'aa. Kinamama waliouza maharage na mboga walisimama pembeni wakitazama, nao hawakushika ufagio, kwa maana hawakualikwa kuushika. Kazi ilipokwisha, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza migebuka mikavu kutoka Tanganyika alinijia; nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, watoto wamefagia vizuri, Mungu awabariki. Lakini taka wamezipeleka wapi?"

Taka zilikuwa zimepelekwa korongoni nyuma ya soko. Mama yule alijua, nami nilijua kwamba anajua. Akaniambia kuwa maji ya korongo lile yalipita karibu na nyumba yake, na kwamba mvua zikianza atayaona tena majani yale ya kabichi na vichwa vile vya samaki mlangoni pake. Hakuwa akilalamika, alikuwa akinieleza jiografia ya mji wake, mimi mwalimu wa jiografia, na sidhani kama niliwahi kupata somo lililo dhahiri kuliko lile.

Majuma kadhaa baadaye nilirudi sokoni na vijana wachache waliokubali kwa hiari, bila fagio mikononi, tukaketi na wale kinamama kwenye magunia yao tukawauliza mambo: taka za namna gani hutoka, siku zipi huzidi, nani huzitoa, zamani zilipelekwa wapi. Tukatambua kwamba karibu zote zilikuwa za kuoza, yaani maganda ya mahindi na ya maharage, majani, vichwa vya samaki, majivu. Hapo akatoka mzee mmoja wa Kifipa, aliyekuwa ameleta maharage kwa mkokoteni wa ng'ombe akingoja wanunuzi, naye akasema kwa mshangao kwamba haelewi kwa nini watu wa mjini wanahangaika na kitu ambacho mkulima hukitafuta.

Msomaji asiyeijua Ufipa inampasa afahamu hapa jambo la fahari ya nchi ile. Wafipa wana kilimo chao cha vilima vya mviringo viitwavyo ntumba, kilichowashangaza wataalamu waliotoka mbali, ambacho kwacho nyasi za uwanda, badala ya kuchomwa moto, hukatwa na kufukiwa chini ya udongo mvua zikielekea kwisha, kikainuka kilima kama cha kimo cha goti au zaidi. Nyasi zikaoza humo ndani, maharage yakaoteshwa juu yake, na msimu unaofuata kilima hubomolewa, udongo wake ulionona ukatandazwa, ulezi au mahindi yakapandwa. Katika nchi ya nyasi tupu, yenye udongo usio na rutuba nyingi, watu hawa walipata chakula kutokana na kile ambacho wengine wangekiita magugu. Mzee yule hakuwa anatufundisha sayansi mpya. Alikuwa akituambia tulifanyie soko yale ambayo babu yake aliyafanyia shamba.

Tukachimba mashimo kando ya soko, kwa ruhusa ya wenyeji, vijana wakishika masululu na mabeleshi na kinamama wakionyesha mahali. Taka zikawa zinatiwa mle na kufunikwa kwa udongo tabaka kwa tabaka. Kilichonifurahisha zaidi ya yote ni kwamba, mbolea ilipokuwa tayari na kinamama wakajua ya kuwa itagawanywa kwa bustani zao na kwa shamba la shule, waliweka zamu wao wenyewe, na yeyote aliyetupa ganda nje ya shimo alikemewa na jirani yake kabla mwanafunzi hajafungua kinywa. Kazi ilikuwa imepata mwenyewe. Wanafunzi wakabakiwa na sehemu iliyofaa nguvu zao, nayo ni kuchimba na kubeba, na wakaifanya kwa miaka, kizazi baada ya kizazi.

Sasa nirudi kwenye adhabu. Nilimwendea mkuu wetu wa shule nikamsihi kwamba kazi yoyote tunayoifanya kwa ajili ya mji isitumike kamwe kumwadhibu mwanafunzi, na kwamba mimi na walimu wenzangu watakaoridhia tushike majembe pamoja nao. Wengine katika chumba cha walimu waliona ni anasa ya mawazo: adhabu gani itabaki, walihoji, ikiwa fyekeo limeondolewa? Swali lao lilikuwa na haki yake, maana shule yenye wanafunzi wengi na walimu wachache huhitaji nidhamu, na fyekeo angalau halimjeruhi mtoto kama fimbo. Lakini nilishikilia, na nashikilia hata leo, kwamba mtoto hawezi kufundishwa siku ya Jumatatu ya kwamba kuzoa taka ni aibu, kisha Jumamosi akaambiwa ni sharafu. Mkuu alikubali. Idadi ya waliojitokeza ilishuka sana mwanzoni, kwa kuwa hapakuwa tena na aliyelazimishwa, ikapanda polepole, na hao waliokuja walikuja wenyewe: wavulana na wasichana wa Kirando na Kasanga waliotoka ziwani, wa Muze waliotoka bondeni, wa Laela na Mpui, watoto ambao Sumbawanga haikuwa kwao na ambao wangeweza kusema kwa haki kuwa mtaro huu hauwahusu.

Wazazi nao walikuwa na maneno yao. Baba mmoja alipanda kutoka bondeni, akaniuliza mbele ya watu kama amemuuza ng'ombe ili mwanawe aje kufagia soko. Sikumdharau, ng'ombe si kitu kidogo, na elimu ya mtoto wake ndiyo aliyoitegemea uzeeni. Nilimwomba akae hadi Jumamosi, akakaa, akamwona mwanawe akisimama mbele ya kinamama na wazee wa mtaa akieleza kwa nini shimo lichimbwe upande wa chini wa kisima na si wa juu, wakimsikiliza na kumuuliza maswali, naye akijibu kwa heshima. Baba yule aliondoka bila kuniambia neno zaidi, ila mwaka uliofuata alimleta na mdogo wake. Bonde la Ziwa Rukwa limepatwa na kipindupindu mara kwa mara, na mtu wa huko hahitaji kufafanuliwa sana maana ya kisima na choo.

Miti ilitufunza zaidi kuliko soko, na kwa uchungu zaidi. Nchi yetu huadhimisha siku ya kupanda miti tarehe 1 Aprili, lakini Ufipa mwezi wa Aprili ni kwaheri ya mvua, na mche uliotiwa ardhini wakati huo unaingia kiangazi cha miezi sita ukiwa bado mchanga; kwa sababu hiyo sisi tulipanda Januari, mara shule zilipofunguliwa. Miche ikachipua vizuri, sherehe ikafana. Hata hivyo uadui wa mti katika uwanda ule hauishi Januari. Mavuno yakisha kuingia ghalani ng'ombe hufunguliwa wale mabua popote, na mwenye ng'ombe hana kosa, ndivyo desturi ilivyo; kisha Agosti na Septemba moto wa nyasi hutembea na upepo. Zaidi ya hayo, shule hufungwa Juni, wakati ule hasa ambapo mche unahitaji ndoo ya maji, na hufungwa tena Desemba. Mwanafunzi wa bweni ni mgeni: hupanda, huondoka, hurudi akakuta kijiti. Nimeyaona mashamba ya miti ya sherehe, yaliyopandwa na watu wengine, yakipandwa upya mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, kila mara kwa hotuba mpya.

Nchini Kenya, Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliweka utaratibu kwamba kinamama wa vijijini walipwe fedha kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila uliopandwa. Niliposoma habari hiyo nilisimama nikaisoma tena. Sisi hatukuwa na fedha za kumlipa mtu, lakini tungeweza kubadili kile tulichokihesabu. Tukaacha kuhesabu miche iliyopandwa Januari, tukaanza kuhesabu iliyo hai Oktoba. Tukaacha pia kupanda mahali pa wazi pasipo na nyumba, tukapanda mbele ya milango ya watu walioomba, mwanafunzi akileta mche na boma la miiba, mwenye nyumba akiahidi maji ya kufulia yaliyotuama kwenye beseni. Jina la mwenye nyumba liliandikwa daftarini kabla ya jina la mwanafunzi. Wenyeji walichagua miti wenyewe, nao hawakuchagua kila mara tuliyoitaka: walipendelea mkaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni, nasi ikatubidi kubishana nao kwa heshima kuhusu kuupanda karibu na chemchemi, kwa jinsi unavyokunywa maji. Mara nyingine walitushinda kwa hoja, na mara nyingine, baada ya kuwapeleka vijana na wazee pamoja katika milima ya Mbizi iliyo jirani na mji, ambako msitu uliosalia unahifadhi vyanzo vya maji na mbega wekundu wanaoishi humo, walikubaliana nasi bila hoja yoyote.

Yaliyofuata katika nchi nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa wengi wanayajua. Mwaka 1991 Jane Goodall alianzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam akiwa na wanafunzi 12, na vikundi vya namna hiyo vikaenea shuleni; tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, na ikafuata desturi ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi; na tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Katika hayo yote, hili la mwisho ndilo lililobadili mitaro ya Sumbawanga kwa macho yangu mwenyewe. Mifuko ya rambo ilikuwa ndiyo kizibo cha kila kalvati; vijana waliizoa Jumamosi na Jumatatu ikawa imerudi. Amri moja ya serikali ilifanya kazi ambayo mikono ya wanafunzi elfu isingeimaliza, nami nayasema haya bila kupunguza sifa ya mikono ile, kwa sababu ipo hatari ya kuwaachia watoto mzigo ambao ni wa wenye mamlaka, wa wenye viwanda na wa wenye maduka, kisha tukawapigia makofi.

Chupa za plastiki hazikupigwa marufuku, nazo ndizo zinazotusumbua sasa. Hazifukiwi zikaoza, na elimu ya ntumba haizifikii. Wapo wanunuzi wa chupa, lakini viwanda viko mbali na nauli ya mzigo mwepesi kutoka Rukwa hula faida yote, hata kijana mwenye gunia zima hupata kiasi kisichomtosha daftari. Mimi nimestaafu, ila kikundi cha wanafunzi hunijia bado, na mwaka huu walikuja na shauri ambalo sikuwapa mimi: waliandika orodha ya wauzaji wote wa soda na maji wa mtaa mmoja, wakamwendea mwenyekiti wa mtaa wakamwamkia na kumweleza haja yao, kisha wakawaandikia wauzaji barua, wakiwaomba lori linaloleta kreti na katoni zilizojaa lipakie chupa tupu linaporudi Mbeya, kwa kuwa linarudi tupu. Niliisoma barua yao nikasahihisha herufi mbili tatu tu. Baadhi ya wauzaji wamekataa, wakisema dereva atadai posho. Wengine wameuliza chupa zitahifadhiwa wapi zikingoja lori, na hilo ndilo swali ambalo vijana wanalitafutia jibu, wakizunguka na mwenyekiti kutafuta uwanja wenye uzio, kabla mvua za Novemba hazijaanza.